Ujasiri Ni Mmoja, Bei Ndiyo Haifanani: Mwongozo Kamili wa Kuandika Mashujaa Wanawake na Wanaume Katika Hadithi Fupi

Rasimu nyingi za hadithi fupi zinazoandikwa hapa Tanga zina Bakari wao na Zuhura wao. Majina hubadilika, mambo hayabadiliki. Kipande kifuatacho nimekitunga kwa ajili ya somo hili, lakini msomaji atahisi amewahi kukutana nacho mahali:

"Bakari alikuwa mwanamume kwelikweli. Kifua kipana, sauti nzito, hakujua hofu ni nini. Aliposikia kwamba kuna chombo kinapiga mabomu mwambani, alisimama katikati ya mkutano wa kijiji akapaza sauti. Mkewe, Zuhura, alijifunika uso kwa kanga akilia na kumsihi arudi nyumbani. 'Nyamaza, mke wangu,' alisema Bakari. 'Mwanamume hufa mara moja tu.'"

Wanaume majasiri wapo, na hadithi zao zinastahili kuandikwa. Lakini ujasiri wa Bakari huyu haujamgharimu kitu. "Hakujua hofu ni nini" ni sentensi inayoiua hadithi mapema, maana asiyejua hofu hana cha kushinda. Hofu yote amebebeshwa Zuhura, kisha akaambiwa anyamaze. Na ukitazama vizuri, Zuhura ndiye peke yake aliyeipima hatari na kupata jibu sahihi: watu hawa wana baruti, na watajua nani amewasema.

Mwongozo huu umejengwa juu ya wazo moja. Ujasiri wenyewe, ule wa kifuani, ni mmoja kwa mwanamke na kwa mwanamume. Kinachotofautiana ni bei yake. Mwanamke anayesimama kusema mbele za watu hutozwa kitu fulani, na mwanamume anayekataa kufanya jambo la hatari hutozwa kingine, na anayetoza ni jamii ileile. Mwandishi akiijua bei, hana haja ya kutuambia nani ni shujaa. Tutaona.

Hatua ya kwanza: andika bei kabla ya jina

Kabla hujampa mhusika wako jina wala jinsia, chukua karatasi ujibu maswali matatu. Anaogopa nini hasa? Akitenda, atapoteza nini? Asipotenda, nani ataumia?

Jibu kwa vitu vinavyoshikika. "Atapoteza heshima" ni jibu la juu juu. Heshima ikipotea hupotea mahali fulani, mbele ya mtu fulani, na kesho yake kuna mlango ambao haufunguliwi tena. Tuchukue hilohilo la mabomu. Pwani ya Tanga imeteswa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, ambao umepigwa marufuku kisheria. Bomu likilipuka, matumbawe hupasuka, na samaki wengi huzama badala ya kuelea, ndiyo maana lazima watu wazamie kuwaokota. Wapo waliopoteza mikono kwa utambi uliowahi kuwaka. Haya ni mambo yanayojulikana kila kijiji cha mwambao, na kwa hadithi ni utajiri, kwa sababu kila mtu pale pwani amefungamana na chombo kwa namna yake. Mwenye chombo, anayeitwa tajiri, ndiye anayekopesha. Nahodha anasikilizwa. Mabaharia wanasubiri mgawo. Wanawake wachuuzi wanachukua samaki kwa mali kauli, wanakwenda kukaanga na kuuza, wanarudi kulipa.

Sasa jaribu: mtu mmoja anataka kusema kwamba samaki hawa ni wa bomu. Atapoteza nini? Akiwa mchuuzi, atakosa mali kauli, na bila mali kauli kesho hana cha kukaanga. Akiwa baharia, atashushwa chomboni. Akiwa na ndugu kwenye chombo hichohicho, atakuwa amemtia ndugu yake mikononi mwa polisi. Umeona jinsi hadithi inavyoanza kutembea na bado hatujamtaja mtu?

Ukishapata bei, hakikisha ni moja. Hadithi fupi ina nafasi ya tendo moja la ujasiri, na mara nyingi linatosha lile la dakika tano. Mwandishi anayetaka shujaa wake apambane na majambazi, amwokoe mtoto baharini na kumkemea diwani katika kurasa nane ataishia kuandika orodha.

Hatua ya pili: uliza nani alibeba chakula

Swali hili nalipenda kuliko yote yaliyomo humu, na ningekuwa na nafasi ya hatua moja tu ningebaki nalo.

Kila ngano ya shujaa mwanamume ina watu waliompitishia maisha yake kwa mlango wa nyuma. Mchukue Fumo Liyongo, shujaa mkubwa kuliko wote katika ushairi wa Waswahili, yule wa Pate na pwani ya kaskazini, katika Kenya ya leo. Utenzi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unamsifu kwa urefu, kwa nguvu, kwa upinde wake. Lakini Liyongo alipofungwa gerezani nguvu zile hazikumtoa. Aliyemtoa ni mama yake aliyeoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, na kijakazi Saada aliyeubeba mkate ule mbele ya walinzi. Walinzi walikuwa na mazoea ya kula vyakula vizuri alivyopelekewa mfungwa. Wishwa wakauona haufai, wakamwacha apite nao.

Simama hapo pamoja na Saada kidogo. Ni mtumwa. Hana upinde. Akigundulika hakuna atakayemtungia utenzi. Mbele yake wapo watu wenye silaha, na mkononi ana mkate ambao uzito wake haufanani na uzito wa mkate. Lazima atembee kama anavyotembea siku zote. Mwendo ule, tangu mlangoni hadi kwa mfungwa, ni hadithi fupi nzima, na miaka yote hii watu wameuruka wakikimbilia kwenye minyororo inayokatika.

Na mwisho wa kisa kileile? Liyongo amechomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, amepiga goti kisimani akiwa ametega mshale, na mji mzima unaona kiu kwa kumwogopa mtu ambaye hawajui kama yu hai au amekufa. Aliyetumwa kumsogelea na kumbembeleza ni mama yake. Wanaume wenye silaha walikaa mbali.

Leta swali hilihili nyumbani. Watu wa Tanga husimulia sana habari za Osale Otango, aliyewasumbua walowezi miaka ya 1950 na ambaye husemwa alijificha katika Mapango ya Amboni. Husimulia alivyopotea machoni pa askari, alivyowaibia matajiri. Mtu anayejificha pangoni lazima ale. Nani alipika? Nani alipita njia ile ya Mto Mkulumuzi akiwa na kitu chini ya kuni? Alipokutana na askari alisema anakwenda wapi? Hapa hutafuti historia, unatafuta pengo ambalo mtunzi ana ruhusa ya kuliingia. Fanya vivyo hivyo kwa vita vya Novemba 1914, pale majeshi ya Uingereza yaliposhushwa Tanga na kurudishwa baharini, nyuki nao wakaingia vitani. Visa vinavyosimuliwa ni vya maofisa. Mjini humo walikuwamo watu waliozaa, waliouguza, waliobeba mizigo. Kisha nenda kwenye mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukaulize kuhusu manamba, wale vibarua wa mkataba, na wake zao.

Swali hili linafanya kazi pande zote mbili. Ukiwa na shujaa mwanamke, uliza nani alibaki na watoto, na mwanamume aliyekaa jikoni siku ile alisemwa nini kibarazani. Huko nako kuna ujasiri ambao hakuna aliyeuandika.

Hatua ya tatu: andika rasimu isiyojulikana ni ya nani

Kiswahili kimetupa nafasi nzuri sana kwa kazi hii. "Alisimama" haisemi ni mwanamke au mwanamume. "Alimkaribia, akamshika mkono" haisemi pia. Unaweza kuandika ukurasa mzima bila jinsia kujitokeza, na hutalazimika kupindisha sentensi hata moja. Jinsia huingia kupitia majina, mavazi, maneno ya undugu kama mke, kaka na shangazi, na sifa tunazowabandika watu.

Basi fanya hivi. Andika tukio lako la kilele, lile la ujasiri, kwa kumwita mhusika "yeye" au kwa kitenzi peke yake. Ondoa jina. Ondoa kanga, ondoa kanzu na msuli. Ondoa "mwanamke yule" na "bwana yule." Kisha mpe mtu ambaye hajui hadithi yako, umwulize: huyu ni nani? Usimwambie unatafuta nini.

Akijibu haraka "ni mwanamume," mwulize amejuaje. Hapo ndipo utajifunza. Atakuonyesha neno. Labda uliandika "akakunja ngumi" au "akamkazia macho," naye akamwona mwanamume. Labda uliandika "machozi yakamlengalenga," naye akamwona mwanamke. Neno hilo lipigie mstari. Halina kosa lenyewe, ila sasa unajua linafanya kazi ambayo hukulituma.

Ukiona msomaji anasita, anasema "anaweza kuwa yeyote, lakini huyu mtu anaogopa na bado anakwenda," rasimu yako imekaa vizuri. Endelea.

Hatua ya nne: mpe jinsia, kisha ugeuze

Sasa rudisha majina. Andika tukio mara mbili: mara ya kwanza anayetenda ni mwanamke, mara ya pili ni mwanamume. Moyo wa mhusika usibadilike. Hofu iwe ileile, uamuzi uwe uleule. Kinachotakiwa kubadilika ni kile watu wanaomzunguka wanachomtoza.

Hebu tumrudie Zuhura, sasa akiwa mchuuzi wa samaki katika kijiji cha mwambao. Samaki wa bomu hujulikana na wenye kazi hiyo: mnofu umelegea, ndani damu imevia, mwiba wa katikati mara nyingi umevunjika, na huoza upesi. Hahitaji kuhutubia mkutano. Anahitaji kukataa ndoo moja.

"Zuhura alimbonyeza tasi tumboni kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Akamgeuza, akapitisha vidole mgongoni na kuusikia mwiba umeachana.

'Mbona wapapasa sana leo?' Nahodha alisema. 'Chukua, mwanangu. Utaleta hela Ijumaa kama siku zote.'

Kaka yake alikuwa chomboni anakunja kamba. Hakuinua uso.

Zuhura alimrudisha tasi juu ya wenzake. Mkono ulikuwa ukitetemeka, akauingiza ndani ya kanga. 'Hawa siwachukui, baba.'

'Leo huwachukui?'

'Wa namna hii siwachukui.'

Nyuma yake wanawake wawili walivuta ndoo zao. Hakugeuka kuona wamezivuta kumsogelea au kumwachia nafasi peke yake.

'Mumeo ajua unayoyasema hapa?' Nahodha aliuliza, kwa upole."

Swali la mwisho ndilo bei. Baharia mwanamume akikataa samaki, hakuna atakayemwuliza kama mkewe ana habari. Zuhura anaulizwa, tena kwa upole, na upole huo unatisha kuliko ukali. Bila msimulizi kusema neno lolote kuhusu nafasi ya mwanamke, msomaji ameiona yote.

Sasa geuza. Anayekataa ni kaka yake, Mbwana, na anachokataa ni kuzamia kuokota samaki baada ya mlipuko.

"'Zama,' alisema Nahodha.

Mbwana alishika miwani mkononi. Maji yalikuwa bado yamechafuka. 'Leo sizami.'

'Waumwa?'

'Siumwi.'

Mtu wa tezi alicheka. 'Akifika nyumbani dada yake amwazime kanga.' Chombo kizima kikacheka, na yule kijana mdogo, ambaye wiki nzima alikuwa akimwigiza Mbwana hata anavyofunga shati kiunoni, akacheka kwa sauti kuliko wote."

Mwanamume ametozwa jina lake. Hakuna panga, hakuna kifua kipana, na waliomzunguka wanamwona mwoga. Lakini msomaji anajua kwamba kuruka majini ilikuwa rahisi zaidi. Tuna methali isemayo kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wazee waliijua thamani ya mtu anayekataa kufa bure, ila katika hadithi zetu fupi mwanamume wa namna hiyo hapati nafasi ila awe kichekesho.

Ukiandika matoleo yote mawili na ukakuta bei haijabadilika hata kidogo, jamii uliyoiweka kwenye hadithi si ya kweli. Haiishi mahali popote. Na ukikuta moyo ndio umebadilika, yaani Zuhura amekuwa mnyonge kuliko Mbwana bila sababu, hapo ni kalamu yako iliyoteleza, rudi hatua ya tatu.

Huna lazima ya kuyatumia matoleo yote. Chagua lile linalokuuma zaidi. Mimi ningechagua la Zuhura, na Mbwana ningemwacha na ile kamba yake, kwa sababu kutoinua uso kwake kunaniambia kwamba hadithi yake nayo inakuja.

Hatua ya tano: hofu ikae mwilini, na miili yote inaogopa

Chunguza vitenzi vya hofu. Katika rasimu nyingi wanawake hulia, huzimia, hupiga mayowe, hushika kichwa. Wanaume hunyamaza, husaga meno, huvuta pumzi ndefu. Mwili wa binadamu haukugawanyika hivyo. Kinywa hukauka kwa wote. Magoti hulegea kwa wote. Tumbo huvuruga, mkojo hubana, masikio huvuma, mikono haipati mahali pa kukaa.

Chagua dalili moja tu, uiandike kwa karibu, uipe kitu cha kushika. Mkono wa Zuhura ulioingia ndani ya kanga unatosha. Mtu anayehesabu chenji mara tatu anatosha. Na jihadhari na "moyo ulimwenda mbio," ambao umetumika mpaka msomaji haupigi jicho tena.

Hatua ya sita: ijue kazi kabla ya kuandika hatari

Ujasiri unaoandikwa na mtu asiyeijua kazi huwa wa maneno matupu. Nenda Deep Sea, soko la samaki hapa mjini, alfajiri vyombo vinapoingia. Usiende na maswali kuhusu ujasiri. Hakuna atakayekuelewa, na atakayekuelewa atakupa jibu la kupendeza. Tazama mnada. Tazama mikono. Sikiliza nani anaruhusiwa kupandisha sauti na nani anasema kwa kunong'ona ingawa ndiye mwenye pesa. Nenda ukaone wanawake wanaoshuka pwani maji ya bamvua yakitoka, wakitafuta pweza kwenye mashimo ya mwamba, na uangalie wanavyoyachunga maji yanaporudi. Nenda kwenye mashamba ya mwani ya Mkinga au Pangani. Panda kivuko cha Pangani saa ya upepo wa kusi.

Kazi hizi zina hatari zake za kila siku ambazo wanaozifanya hawaziiti ujasiri. Mwanamke anayesimama kwenye maji ya kiuno, hajui kuogelea, na anasikia mkondo unageuka, hatakuambia kwamba yeye ni shujaa. Atakuambia mwani haukauki wenyewe.

Hatua ya saba: wahusika waseme, msimulizi ajizuie

Watu wa hadithi yako wana haki ya kuwa na mawazo ya mahali pao. Nahodha anaweza kumwambia Mbwana ajikaze kiume. Bibi anaweza kumsifu mjukuu wake kwamba ana moyo wa kiume. Jirani anaweza kumwita Zuhura jikedume, na wala hatakuwa anamsifu. Ukiwafuta wote hawa, umefuta bei, na bila bei hadithi inalegea.

Lakini msimulizi asiyaseme. Mara tu sauti inayosimulia inapoandika "kwa ujasiri usio wa kawaida kwa mwanamke," imekaa barazani pamoja na wanaomsema. Tenga rangi mbili za kalamu: moja kwa maneno ya wahusika, nyingine kwa maneno ya msimulizi. Pitia rasimu yote. "Kiume," "kike," "jikedume," "mwanamume kamili," "ingawa alikuwa msichana tu" zikionekana kwa rangi ya msimulizi, zikate. Zikionekana kwa rangi ya wahusika, jiulize nani anazisema na anapata faida gani kuzisema.

Heshima nayo ni silaha katika mazungumzo. Zuhura anamkatalia Nahodha na bado anamwita baba. Mtu wa pwani hamkatalii mzee kwa kumtaja jina, na hadithi inayomfanya shujaa wake awe jasiri kwa kukosa adabu huwa imechagua njia ya mkato. Kukataa huku ukisema baba, kwa sauti ya chini, huku mkono unatetemeka, ni kugumu zaidi na kunasomeka vizuri zaidi.

Hatua ya nane: kagua mitego

Wa kwanza ni shujaa wa kike aliyeandikwa kwa kumvua kila kitu na kumpa panga. Hapiki, haogopi, anapiga wanaume wanne kwa mkupuo. Mwandishi anadhani ameondoa ubaguzi, kumbe ameukubali: amesema ili uwe jasiri sharti uwe Bakari.

Wa pili ni mama mvumilivu. Huyu ni mgumu, maana anapendwa, na wengi tumelelewa naye. Anapigwa, anasemwa, anafanya kazi usiku na mchana, halafu hadithi inamwita shujaa kwa sababu hakusema neno. Kuvumilia kunaweza kuwa ujasiri pale tu mhusika alipokuwa na njia nyingine na akachagua hii kwa sababu anayoijua. Kama hakuwa na njia, hayo ni mateso, na mwandishi anayeyaita ushujaa anamsaidia anayepiga. Mpe mlango hata mmoja. Aulizwe na dada yake, "Njoo ukae kwangu," ndipo tujue kwa nini amebaki au kwa nini ameondoka.

Wa tatu ni mwanamume mwoga anayewekwa achekwe ili mwanamke ang'ae. Ukihitaji kumshusha mmoja ili mwingine aonekane mrefu, urefu wake una mashaka.

Wa nne, mwanamke kama zawadi ya mwisho. Huu kila mtu anaujua, na bado upo.

Na kama unadhani shujaa wa kike asiye na panga hataaminika, kumbuka kwamba Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikaa chini akaandika wasifu wa Siti binti Saad. Mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia masikini, akatembeza vyungu kuuza, akaingia mjini na sauti yake, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Alisemwa sana. Akaimba.

Hatua ya tisa: mwisho ulipe au udai, usisamehe

Waandishi wengi huandika bei vizuri halafu wakaifuta kwenye aya ya mwisho. Nahodha anatubu, kijiji kinapiga makofi, polisi wanafika kwa wakati. Ukifanya hivyo umemwambia msomaji kwamba hatari haikuwa ya kweli.

Kosa la upande wa pili ni kumwadhibu mwanamke kila anapothubutu. Anasema, anaachwa. Anakataa, anakufa. Ukikuta hadithi zako tatu zote zimeishia hivyo, unaandika onyo kwa wasichana bila kukusudia. Mwanamume naye asife kila mara ili tumlilie. Kufa ni njia rahisi ya kumaliza habari ya mtu ambaye kesho angelazimika kupita mtaani na jina lililochafuka.

Malizia kwenye siku inayofuata. Zuhura ameamka, hana samaki. Anafanya nini na kikaango? Andika hilo.

Hatua ya kumi: soma kwa sauti mbele ya watu wawili

Mmoja awe mwanamke anayefanya kazi uliyoiandika, mwingine awe mwanamume anayeifanya. Soma wewe, wao wasikilize tu. Mtu akishika karatasi huanza kusahihisha herufi. Ukimaliza usiulize kama wameipenda. Uliza mambo mawili: ni wapi walimwogopea mhusika, na ni wapi hawakumwamini.

Majibu yao yaandike pembeni ya rasimu bila kujitetea. Mchuuzi akisema, "Mimi ningesubiri Nahodha ashuke, nisingemwambia mbele ya watu," hapo umepewa tukio jipya, bora kuliko lako. Baharia akisema kwamba hakuna anayekataa kuzamia kwa kusema "sizami," kwamba mtu husema sikio linamuuma, mpe Mbwana sikio linalouma, halafu mpe siku nyingine ambayo kisingizio hicho kimekwisha. Ukiona wawili hao wanaanza kubishana wenyewe kama Zuhura alifanya vyema, funga mdomo, endelea kuandika wanayosema, na rasimu ya pili uianze usiku huohuo kabla maneno yao hayajapoa.